Mshika Chupa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta umekaa, maana si ya kusomwa ukiwa umesimama. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule bibi unayemtunza, bado anakurushia vikombe kila ukimpelekea dawa? Mpe salamu zangu, na siku akirusha tena mrudishie kimoja kwa niaba yangu. Majirani wa huku hawajambo na wanakuulizia, isipokuwa wachache ambao siku hizi wakiniona wanavuka barabara. Nitakueleza kwa nini.

Na mimi ningependa kukuandikia kwamba ni mzima wa afya, kama tulivyofundishwa shuleni, lakini taya langu limevunjika mahali pawili na daktari amelifunga kwa nyaya, juu na chini. Nakula kwa mrija. Ndiyo maana ulipopiga simu mara saba sikupokea. Sijakususia, dada. Nikijaribu kusema natoa sauti ya ndama, na wewe kwa hasira zako ungedhani nakudhihaki. Ujumbe wa simu nao nimeuandika na kuufuta siku tatu mfululizo, nikaona haya si mambo ya kuenea kwenye kile kioo kidogo. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja na nimeketi kibarazani na kalamu.

Najua Kocha amekueleza yaliyotokea kwenye ukumbi wa ngumi, na najua ulivyomjibu. Alikuja wodini akanisomea jibu lako. Ulisema huna tena mtoto wa kike. Ulisema mtu anayemponda rafiki yake mpaka akazimia, kisha akasimama mbele ya askari na kusema uongo mkavu, hakutoka tumboni mwako. Kocha alikuwa analia akisoma, na Kocha si mtu wa kulia, ana mbavu moja iliyovunjika na hata kulia kunamuuma. Nakuomba, kabla hujayarudia maneno hayo kwa mtu mwingine, unisome mpaka chini. Usiruke hata mstari mmoja.

Mambo haya yalianza na mwili wangu. Unanijua nilivyokuwa, kochi likinibana hata lile nililoshona mwenyewe. Miezi mitano iliyopita magoti yaligoma na presha ikapanda nikaenda kliniki. Mizani ikasema kilo mia moja na nne. Daktari akanipa vidonge vyangu kwanza kwa mdomo, mbele ya nesi, akisema nikiendelea hivi nitaanguka juu ya kochi la watu kabla sijalimaliza. Kisha ndipo akaniandikia vile vya kumeza, vya kukata hamu ya chakula. Kimoja kila asubuhi, kwa miezi mitatu tu, basi. Alisema vidonge hivi havitolewi hovyo dirishani, ni kwa cheti chake, na kila mwezi atanipima yeye mwenyewe. Mwezi utakaopita bila mimi kupungua kilo mbili, cheti kingine haandiki, kwa kuwa itakuwa dhahiri dawa hainifai. Akanionya kuhusu moyo kwenda mbio, usingizi kuruka, mdomo kukauka, na hasira. Aliirudia ile hasira. Alisema nikiona tabia yangu inabadilika niache siku hiyo hiyo na nirudi kwake. Nikacheka, nikamwambia tabia yangu iliharibika tangu kuzaliwa na hakuna atakayeona tofauti.

Tofauti ilionekana, dada. Siku ya kwanza nilishona kochi la watu watatu na viti vyake viwili bila kukaa, nikameza mate tu mpaka jioni. Siku ya tatu nilikuwa nasaga meno hata nikiwa kimya. Siku ya tano yule seremala tunayegawana naye karakana aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba nimekata kitambaa kikawa kifupi. Ni kweli kilikuwa kifupi. Nikamrushia mkasi mkubwa. Ulikita kwenye mbao za mlango, kando ya sikio lake, ukabaki unatikisika. Sikuishia hapo. Nikaokota mguu wa meza nikampiga nao mgongoni na mikononi mpaka akajiingiza chini ya benchi lake, na pale chini nikaendelea kumchoma nao mbavuni kwa ncha, mzee wa watu ambaye kila asubuhi ndiye anayenichemshia chai. Kilichonitisha si kipigo. Kilichonitisha ni kwamba nilisikia raha. Alipotoka kidole kimoja kilikuwa kimepinda, na akanishukuru kwa kumwacha.

Sikurudi kliniki kama nilivyoagizwa. Niliona aibu kumweleza daktari. Vile vidonge vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la misumari midogo, nikapiga kifuniko, nikaapa sitavimeza tena. Sijavimeza tena mpaka leo. Hilo ulishike vizuri, kwa sababu ndilo zito kuliko yote: mimi nilijua vinafanya nini.

Sasa nije kwa mwanetu. Wewe uliondoka akiwa na miaka kumi na sita, bado anapiga magunia tu, hujapata kumwona ulingoni. Pale ukumbini walimpachika jina la Pole. Alikuwa akimpata mtu kwa ngumi safi, anasimama, anamwambia pole, kisha anaendelea. Kocha alikuwa anajigonga kichwa ukutani. Na si kwamba mkono wake ni mwepesi! Magunia yote ya mazoezi pale nashona mimi, kwa uzi wa kochi, mara mbili, na yeye amenipasulia manne. Ila gunia haliumii, binadamu anaumia, na huyo mtoto hakuweza kusahau hilo hata kengele ikilia.

Rafiki yake ni yule binti tunayemwita Kicheko, kwa sababu ukimpiga anacheka. Walianza pamoja wakiwa na miaka kumi na mitatu, wakivaa jozi moja ya glavu, huyu wa kulia na huyu wa kushoto. Mwaka huu ukumbi wetu ukaalikwa kwenye mashindano makubwa, yale ambayo wakishinda wanasafiri na timu. Sheria ni kwamba kila ukumbi hupeleka mtu mmoja kwa kila uzito. Wote wawili walikuwa kilo sitini na mbili, wote wakilenga uzito wa sitini. Kocha akatangaza watapigania nafasi, raundi tatu, mbele ya watu wote, na asiyeweza abaki nyumbani.

Mwanao alikuja karakana siku hiyo akakaa kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halina sponji, akaniambia hatampiga Kicheko kwa nia ya kweli, hata kwa kombe la dhahabu. Atashuka. Nafasi ya kilo hamsini na nne ilikuwa haina mtu. Hivyo wataenda wote wawili na hakuna atakayemtoa mwenzake. Nilimwambia kilo nane haziangushwi kama funguo. Akasema ana miezi mitatu. Ilikuwa kwa ajili ya upendo, dada. Nataka ujue kwamba mwanzo wake ulikuwa upendo.

Alijaribu kwa njia za mabondia. Alikimbia amejifunga nailoni, alitafuna barafu, alitema mate ndani ya mkebe kutwa nzima ili apungue hata robo. Wiki ya pili akazimia mlangoni kwangu, paji la uso likapiga pembe ya meza, damu ikaingia mpaka kwenye kitambaa cha mteja. Jeraha nililishona kwa macho tu nikisubiri gari la hospitali. Aliporudi nikafungua lile kopo la misumari. Nikamwambia vidonge hivi vimetoka kwa daktari, vinaondoa njaa, ameze kimoja asubuhi. Akauliza kama vina madhara. Nikamwambia mdomo utakauka. Habari za seremala sikumwambia.

Lakini vidonge vilikuwa vya mwezi mmoja, na ili nipewe vingine ilibidi nipungue. Nami sikuwa navimeza. Mwanzoni niliwaza kufanya ujanja, nikafikiria kushonea minyororo kwenye pindo la gauni, nimpimishe daktari uzito wa chuma kisha nije kuutoa, ila alishanipima mara moja bila chuma, na tena nesi pale anakuvua kila kitu na kukupa shuka. Hapakuwa na njia isipokuwa njaa yenyewe. Nikafunga mdomo. Glasi ya maziwa asubuhi, yai jioni, katikati nafanya kazi ya kubeba makochi. Nilijipiga ngumi tumboni likinguruma mbele za wateja. Nilitafuna uzi. Siku moja nilijing'ata mkono mpaka nikaonja damu, na nikaona aibu kwamba ilikuwa na ladha nzuri. Mwezi wa kwanza nikapungua kilo nne, wa pili nne tena. Daktari akafurahi mno, akawa ananionyesha kwa wanawake wengine kwenye foleni, kwamba tazameni dawa inavyofanya kazi kwa mtu mwenye nidhamu. Mashoga walinifuata nyumbani kuniuliza jina la vidonge. Nikabaki nacheka tu, na njaa inanikata.

Wakati huo mwanetu akawa anateremka. Hamu ya chakula ilikatika, na neno pole nalo likakatika. Wiki ya tatu alimwangusha msichana wa ukumbi jirani kwa ngumi moja ya kidevu, yule binti akalala akirusha miguu, na Pole akarudi kwenye kona yake bila kugeuka. Kocha aliinua mikono juu. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baadaye akaanza kuyaleta ya ulingoni nje. Alivunja mlango wa bafu kwa sababu mpangaji alikuwa amekawia ndani. Kwenye foleni ya mkate alimkaba koo mwanamume aliyemkanyaga, akamsukuma mpaka kwenye kioo cha duka, kikapasuka. Kwenye pambano la majaribio alimvunja pua mpinzani wake dakika ya kwanza na hakuacha, akawa anapiga palepale kwenye pua, damu inaruka mpaka kwenye blauzi yangu pale kando ya kamba. Watu walikuwa wanashangilia. Mimi nilikuwa napiga kelele amuue. Neno hilohilo, dada, si kwamba natia chumvi.

Kisha, siku kumi na tisa kabla ya mashindano, alikuja karakana asubuhi, amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika, akaweka vidonge vilivyobaki juu ya meza yangu ya kukatia. Alisema ameacha. Alisema moyo unamdunda kama cherehani imeshikwa na mtu mwendawazimu, na jana yake alijiona kwenye kioo akatamani kuipiga ile sura. Alisema alimwota Kicheko, na hakutaka kuniambia alimwota anafanywa nini. Zilikuwa zimebaki kilo mbili. Atazitoa kwa nguvu zake mwenyewe, na zikikataa, basi, atakaa jukwaani amshangilie mwenzake. Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimkumbatia kabisa.

Sasa sikiliza desturi ya ule ukumbi. Zamani watu wa ukumbi mwingine walimtilia bondia wa Kocha kitu kwenye maji, akatapika katikati ya ulingo na kupigwa mpaka jicho likafunga moja kwa moja. Tangu hapo Kocha ameweka sheria: wiki tatu kabla ya mashindano hakuna bondia anayekunywa kutoka kwa mkono wowote isipokuwa wa mtu wake mmoja. Huyo anaitwa mshika chupa. Ndiye anayetengeneza kinywaji nyumbani, anafunga chupa, anazungushia plasta kwenye kizibo na kuweka sahihi yake juu ya plasta. Bondia akiona plasta imechanika anamwaga. Ni heshima kubwa, watu wanachagua mama zao. Wewe hupo, kwa hiyo alinichagua mimi. Nilimtengenezea maji ya tangawizi kali na limau, chupa moja baada ya kukimbia na moja kabla ya mazoezi.

Jumamosi ile ilikuwa asubuhi, saa tatu, jua limeingia kwa madirisha ya juu. Kocha aliwaweka wao wawili, raundi tatu za kugusana tu, kunyoosha misuli. Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili Kicheko alimpata na mkono wa kushoto kwenye pua, ngumi ya kitoto, na kama kawaida yake akacheka. Nikaona mabega ya mwanetu yanapanda. Ngumi ya kwanza iligeuza kofia ya kinga ya Kicheko ikamziba macho. Yule binti akainua mkono kuomba wasimame, ile ishara wanayofundishwa siku ya kwanza. Mwanao aliupiga ule mkono ukaanguka, kisha akampiga yeye. Kipande cha kinga ya meno kiliruka pamoja na jino. Kocha alikuwa anagonga kengele kama nyumba inaungua. Mwanao akamsukuma Kicheko mpaka kwenye nguzo ya kona, na mto wa ile nguzo ulikuwa umepasuka, nilikuwa nimeahidi kuushona tangu mwezi uliopita. Kichwa cha Kicheko kilipiga chuma mara nne au tano. Mlio wake sitaki kukuelezea.

Kocha alimkamata kwa nyuma akapigwa kiwiko, ndipo mbavu ilipovunjika. Nami nikapita chini ya kamba, kwa huu mwili wangu mpya uliopungua, nikamshika mikono nikamwita kwa lile jina ulilompa wewe. Aligeuka akanitazama. Macho yalinijua, dada, usije ukajidanganya kwamba hakunijua. Akanipiga mara moja, nikasikia taya linaachia. Nilipoanguka nilimwona amempandia Kicheko palepale chini, anapiga kichwa ambacho kilikuwa kimeshalegea, mpaka wanaume wanne wakamlalia.

Kicheko hajafa. Alikaa siku tisa hajitambui, wamempasua fuvu kupunguza damu, jicho la kushoto limekwenda. Anamtambua mama yake, hatambui kijiko. Kaka zake wawili walikuja karakana na mapanga, wakachana makochi yote sita ya wateja, sponji ikajaa hewani, na seremala alipojaribu kuwatuliza wakamkata kwenye bega. Mzee yule amepigwa mara mbili mwaka huu kwa ajili ya familia yetu. Siwalaumu wale vijana. Ningekuwa wao ningechoma na jengo.

Askari walimpima mwanetu mkojo kwa sababu Kocha aliapa kwamba yule hakuwa mtu wa kawaida. Wakakuta dawa, nyingi, ya siku ile ile. Yeye akakiri kwamba aliwahi kumeza vidonge vya kukata hamu ya chakula, akakataa kusema alivipata wapi, na akaapa kwamba alikuwa ameacha siku tisa kabla. Afande akamcheka. Wakili aliyepewa akamwambia aache uongo, utamharibia kesi. Kocha, anayempenda kama mwanawe, akamwambia mkojo haudanganyi. Na wewe ukasema uliyosema.

Dada, alikuwa ameacha. Mimi ndiye sikuacha. Kesho yake tu baada ya kumkumbatia, nilichukua kidonge kimoja kati ya vile alivyoniwekea mezani, nikakisaga kwa nyundo ya misumari juu ya kipande cha ngozi ya kochi, nikakitia kwenye chupa. Tangawizi inafunika uchungu wote. Nikazungusha plasta, nikaweka sahihi. Nikafanya hivyo kila siku kwa siku tisa, na kila siku alikagua plasta, akaona nzima, akanywa na kunishukuru. Ijumaa mizani ilikataa kusogea, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikatia viwili.

Utaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilijiambia ni zile kilo mbili. Si kweli. Nilikuwa nimekaa na njaa miezi miwili na nusu kwa ajili ya vile vidonge, nimejing'ata mwenyewe, na yeye anakuja kuviweka mezani kama chenji asiyoihitaji. Nilikasirika. Halafu nilishaipenda ile sura yake mpya ulingoni, sikutaka yule wa pole arudi. Nilijua hasira inatoka wapi, nilikuwa nimeionja kwenye mgongo wa mzee wa watu, nami nikataka aende nayo kwenye mashindano. Sikumtilia dawa ya kumpunguza. Nilimtilia mkasi wangu, na ulikita kwa Kicheko.

Kuna moja limebaki, na hili ni gumu kuliko hayo. Ijumaa iliyopita niliruhusiwa kumwona mahabusu. Mikono yake imefungwa bandeji, anapiga ukuta. Ameomba mwenyewe awekwe peke yake, kwa kuwa anaogopa kulala karibu na watu. Aliniambia siku zile za mwisho njaa ilimwondoka yenyewe, bila kidonge, na yeye alijivuna moyoni, akadhani Mungu amemwona anavyojitahidi. Sasa anaona kwamba hapakuwa na dawa yoyote ya kusingizia, vipimo vyao vimekosea, na aliyempiga Kicheko ni yeye mwenyewe, ndivyo alivyo ndani, na Alhamisi, mbele ya hakimu, atakiri kila kitu na kuomba wasimtoe kamwe. Kisha akapiga magoti upande wake wa wavu akaniomba msamaha kwa taya langu. Mimi siwezi kusema, lakini nilikuwa na kalamu na karatasi mkobani, ndivyo ninavyozungumza na askari. Ningeweza kumwandikia maneno matano. Badala yake nikaweka kiganja kwenye wavu, nikaitikia kwa kichwa kwamba nimemsamehe. Alilia kwa furaha. Nikakubali kushukuriwa tena.

Maelezo yangu kwa askari yako hapa mezani, kurasa nne, pamoja na kile kipande cha ngozi chenye unga wa mwisho. Nitayapeleka kesho asubuhi. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua: nikipeleka bila mtu kujua ninaweza kugeuzia njiani. Barua hii nampa dereva anayekuja huko kwenu leo hii, na ikishatoka mkononi sina pa kurudi.

Mwombe yule bibi ruhusa uje kabla ya Alhamisi. Usipitie kwangu, pengine hutanikuta, na ukinikuta sitakuzuia kufanya utakalo. Nenda moja kwa moja pale mahabusu, useme wewe ni mama yake. Wao wataandika kwenye faili lao wanavyotaka, lakini yeye asiyasikie kwa askari. Ayasikie kwako. Mwambie alikuwa ameacha kweli. Mwambie alikuwa anasema kweli, na mtu pekee aliyejua ndiye aliyekuwa ameketi mbele yake.

Wasalimie wote wa huko, kila mmoja kwa jina lake. Mimi usinisalimie kwa yeyote.

Ni mimi,
Mdogo wako wa tumbo moja.